Kocha wa Breki Mbili

Shemeji yangu ana kazi mbili, na zote mbili anaziharibu kwa njia moja.

Mchana anafundisha udereva. Jioni anafundisha wasichana mpira wa kikapu kwenye uwanja wa saruji wenye uzio wa waya, nyuma ya karakana ya magari. Mtaani wanamwita Profesa, na yeye, masikini ya Mungu, hajawahi kushtuka kwamba wanamcheka. Anaitika kabisa, tena anasimama kumsalimia aliyemwita. Kamuoa mdogo wangu, basi nimemvumilia kama ninavyovumilia jiwe kwenye kiatu.

Lile gari lake la kufundishia lina breki mbili, moja kwa dereva, nyingine upande wake, ili mwanafunzi akizembea mwalimu aokoe roho za watu. Sawa. Lakini Profesa haisubiri hatari. Mimi mwenyewe alinifundisha, bure, kwa ajili ya undugu, na bure kweli ilikuwa bure. Nikikaribia njia panda, kabla sijawaza kuinua mguu, keshakanyaga. Nikimwona mtu anavuka, keshakanyaga. Na mdomo nao haulali: "Breki! Breki! Umeona? Ndivyo inavyotakiwa!" Ndivyo nini, na mimi sijafanya kitu? Siku ya mtihani nikakaa na mtahini ambaye mikono kaiweka mapajani na miguu kaikunja. Tukafika kwenye lango la ofisi yao. Nikatulia zangu, nikisubiri gari lisimame kama lilivyozoea. Wee! Lango lile lilipinda likawa kama sikio. Profesa akaenda kumwambia mdogo wangu kwamba mimi nina kichwa kigumu.

Huyo ndiye mtu waliyemkabidhi watoto wetu.

Kitinda mimba wangu wanamwita Nukta, kwa ule udogo wake, na ndiye anayepandisha mpira kutoka goli lao kwenda la wenzao. Ukuta wa saluni yangu umejaa alama za mpira wake. Nasuka kichwa cha mteja huku du, du, du, inapiga nyuma ya kioo, na nimeshazoea kiasi kwamba ikinyamaza ndipo nashtuka. Anaupenda mpira ule kuliko chakula. Tatizo lilianza timu nyingine zilipogundua siri. Ukitaka kuwafunga watoto wa Profesa, usiwasubiri chini ya goli lako. Wakabe uwanja mzima, tangu wanapoanza, wawili kwa mmoja, uwasukumie kwenye kona. Wataganda wenyewe.

Nikaenda mazoezini kuona kunani. Nikakaa kwenye tairi bovu la karakana, nikatega sikio. Sikatai, maneno anayo. Aliwaambia: "Usidunde kuelekea kona, kona ni mkabaji wa tatu. Usiudake mpira kabla hujajua unampa nani. Macho juu, mgongo usiwape. Wakikukaba wawili, ujue kuna mwenzako amebaki peke yake. Mtafute!" Nikasema moyoni, loo, kumbe leo kuna akili.

Kisha zoezi likaanza. Wasichana wawili wakamvamia Nukta. Mtoto hajainua hata kope, filimbi imelia na Profesa yuko juu yake: "Kushoto! Hapana, nyuma! Zungusha mguu! Mpe Mlingoti! Mpe, mpe, tupa!" Mlingoti ndiye mrefu wao, na wakati huo alikuwa amesimama katikati ya uwanja mkono juu, hana mtu, kila mwenye macho anamwona. Nukta hakumwona, kwa sababu Profesa alikuwa keshamshika mabega, anamgeuza kama mtu anayehamisha kabati. "Umeona? Ndivyo inavyotakiwa!" Wakarudia. Akamgeuza tena. Walipofika mwisho wa jioni mwanangu alikuwa amejifunza jambo moja tu, kwamba ukikabwa, mtazame Profesa.

Nikamwita pembeni. "Shemeji, hebu mwache mtoto aangalie mwenyewe."

"Shemeji," akanijibu, na kasauti kake kale ka kitaalamu, "wewe shughulika na nywele."

Mbele ya watoto! Nilisonya hadi mafundi wa karakana wakageuka.

Mechi iliyofuata wakakabwa, wakaganda, wakafungwa. Profesa akawapanga mstari, akamnyooshea Nukta kidole, akasema huyu ndiye aliyetuuza leo. Mtu mzima na ndevu zake, anamwambia maneno hayo mtoto wa mama mkubwa wa watoto wake mwenyewe. Hana haya.

Basi siku ya mechi na wasichana wa ng'ambo ya reli, waliokuja kwenye uwanja wetu, nikawa namsuka Nukta asubuhi, mistari myembamba ya kurudi nyuma ili nywele zisimwingie machoni. Akasema bila kugeuka, "Mama, leo nikiupoteza tena narudisha jezi. Naacha."

Vidole vyangu vikasimama. Kwenye kioo nilimwona anauma mdomo, na nikajua huyu hataki kuacha, anataka tu yaishe. Nilitamani kumkatalia. Nikaona nikimkatalia na mimi nitakuwa nimeongeza mkono kwenye mabega yale. Nikamwambia, "Jezi ni yako, mwanangu. Utaamua." Nikamalizia kusuka, roho inaniuma.

Wale wa ng'ambo hawakutuchelewesha. Kuanza tu, wawili kwa Nukta. Akageuza uso kwenye benchi. Profesa akamwaga amri zote kwa mpigo, kushoto, nyuma, tupa, dunda, usidunde! Mpira ukachukuliwa, kikapu. Tena akakabwa, tena akageuza uso, tena kikapu. Yule msichana wao mwenye kitambaa kichwani akawa anacheka waziwazi: "Mkabeni tu, ataanza kumtafuta mwalimu wake." Hata wao walijua! Uwanja mzima ulijua isipokuwa kocha mwenyewe na filimbi yake shingoni. Yeye alikuwa anakimbia kando ya mstari, jasho linamtoka, anaukanyaga mstari, refa anamwonya arudi, anarudi hatua moja, anaukanyaga tena.

Kipindi cha pili wakamsukumia Nukta kwenye kona iliyo mbele ya benchi letu. Na hapo, jamani, nilishuhudia kwa macho yangu. Profesa aliingia uwanjani mchezo ukiendelea, akamshika mtoto mabega, akamgeuza. Kama mazoezini! Mpira uko mikononi, wakabaji wawili wako hapo wametoa macho, na kocha yuko katikati yao anasema, "Umeona? Ndivyo—"

Filimbi ililia hadi refa akapaliwa. "Wewe! Nje! Nje ya uzio! Na nikisikia sauti yako tena navunja mchezo, timu yako imeshindwa!"

Watu walicheka hadi wakashikana. Mimi sikucheka, nilikuwa na hasira mno. Profesa akatoka, akaenda kusimama nyuma ya waya, akaushika kwa vidole vyote kumi. Mdomo ulikuwa unaenda lakini sauti aliizuia. Kutishwa anajua.

Mchezo ukaendelea. Nukta akakabwa, akageuza uso kwenye benchi. Hapakuwa na mtu wa kumwambia kitu. Akaganda, refa akahesabu kwa mkono sekunde za kukaa na mpira, zikaisha, mpira wao. Nikajua basi, jezi imekwenda.

Mlingoti akamsogelea. Nilikuwa karibu, nikawasikia. "Sasa nani atatuambia?"

Nukta akavuta kamasi. "Hakuna."

"Basi mimi nitakuja katikati. Wewe niangalie mimi."

Wakamjia tena wawili. Safari hii hakuudaka mpira. Aliendelea kuudunda chini chini, akarudi nyuma polepole, akawavuta wote wawili mbali na kona, nao wakamfuata kwa tamaa. Kisha akainua macho. Niliyaona, jamani, macho ya mwanangu yanazunguka uwanja, yanatafuta. Mlingoti akakata katikati, mkono juu. Nukta akajifanya anapitisha juu, wale wakaruka, akaupitisha chini ya makwapa yao. Mlingoti, kikapu.

Nilipiga kelele ambayo sitaieleza.

Wakarudia. Mara moja waliupoteza, Nukta akakunja uso, akarudi kukaba, hakumtazama mtu. Mara tatu nne walipita katikati, hadi wale wa ng'ambo wakaacha kukaba uwanja mzima, wakarudi kusubiri chini ya goli lao kama watu wengine. Yule wa kitambaa hakuwa anacheka. Tulifungwa hata hivyo, pengo lilikuwa kubwa mno, lakini wasichana walitoka wanapigana viganja kama walioshinda.

Profesa akaingia, kifua mbele. "Mmeona? Mmeona wenyewe? Mazoezi yangu hayo! Kesho kutwa jioni, mtu asikose!"

Nikamtazama Nukta. Jezi alikuwa nayo mwilini, imelowa. Akajifuta uso nayo.

"Baba mdogo," akasema kwa adabu zote, "nina ombi. Mazoezini, tukifika kwenye kukabwa, uwe unakaa kule." Akaonyesha nje ya uzio.

Profesa akaangua kicheko, akageuka kutafuta wa kucheka naye. Wasichana walikuwa wanamtazama tu. Mlingoti alikuwa keshakibeba kiti cha Profesa kilichokuwa kando ya benchi, anakipeleka kule nje ya uzio.