Siku Mama Alipovuka Kwenda Rubondo

Baba alikuwa akirudi kutoka Ngara akinuka dizeli na chokaa. Harufu hiyo iliingia ndani kabla hajavua viatu, ikachanganyika na moshi wa kuni na maharage yaliyokuwa yakichemka jikoni, nasi watoto tukatoka mbio kumpokea. Ulikuwa mwaka ule wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka mto Kagera kwa maelfu, na wanaume wengi wa kwetu Runazi walikwenda kutafuta kazi kambini. Baba yangu, Stanslaus, alikuwa dereva. Alikaa huko majuma kadhaa, akaja nyumbani siku mbili tatu, akaondoka tena. Alituletea sabuni na biskuti ngumu zilizotuchubua fizi, lakini yeye mwenyewe alikuwa kama hajafika. Hakuuliza habari za shamba wala za shule. Mdogo wetu Deo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama, alimnyooshea mikono ili abebwe, na Baba akapita pembeni kana kwamba hakumwona. Wakati wa kulala alitandika mkeka sebuleni, peke yake.

Mama yangu Leokadia alizaliwa Mugoma, huko Ngara, na alipoolewa Biharamulo alikuja na kicheko ambacho majirani walikisikia hadi barabarani. Msimu ule kicheko kilikatika. Kwenye mashine ya kusaga jirani mmoja alimwambia, huku nimeshika ndoo ya mahindi kando yake, kwamba madereva wa kambini wote wana wanawake huko. Mama alichukua unga wake tukaondoka. Alipofika nyumbani alizikunja kanga zake moja moja, akazifunga kwenye shuka, na Baba aliporudi akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Domi, mimi naenda kwetu Mugoma. Watoto nitawachukua." Nilikuwa na miaka tisa, mtoto wao wa kwanza, nikasubiri Baba aseme neno. Aliutazama ule mzigo wa kanga. Kisha akasema, "Kabla hujaenda, nikupeleke ziwani. Nilikuahidi siku ile tunachumbiana." Mama alicheka kidogo, kicheko kibaya, lakini hakukataa. Alisema tu kwamba mimi, Domitila, nitakwenda nao, maana hakutaka kuwa peke yake na mwanamume asiyesema.

Wadogo zangu waliachwa kwa bibi, mama yake Baba. Tulipanda lori la wachuuzi wa samaki hadi Muganza, tukalala kwa Bwana Yohana, askari wa hifadhi aliyesoma na Baba shule ya msingi. Asubuhi alituombea nafasi kwenye boti lililokuwa likipeleka vyakula vya askari kisiwani Rubondo. Mama alikuwa hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Kwao maji ni mto, na mto una kingo mbili. Alisimama ufukweni na viatu mkononi, akalitazama ziwa, akasema, "Mimi hapo sipandi." Bwana Yohana akamwambia, "Shemeji, boti hili hubeba magunia ya mchele, wewe mwepesi halitakusikia." Akapanda akiwa amefumba macho, na katikati ya ziwa, mawimbi yalipoanza kutupiga ubavuni, nilimwona akishika shati la Baba kiwikoni. Baba akautazama ule mkono, asiutikise hata kidogo.

Kisiwa kilikuwa msitu ulioshuka mpaka majini. Miti ilikuwa mikubwa kiasi kwamba njia ilikuwa na giza mchana, na mimea ya kutambaa ilining'inia kama kamba za kuanikia nguo. Bwana Yohana alitangulia na bunduki, akituonyesha hili na lile kwa kidole. Tuliona nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu, amesimama katika mafunjo maji yakimfika tumboni. Tuliona twiga, na Mama akauliza kwa dhati kabisa walivukaje, tukaambiwa waliletwa kwa chombo zamani. "Na shingo zile?" akauliza. Furukombe, yule tai mla samaki, alilia juu yetu, kilio cha kuchangamka kinachofanana na mtu anayemwita mwenzake kutoka ng'ambo ya shamba. Tukiwa karibu na mwamba mmoja, kenge mkubwa alichomoka miguuni mwa Baba akajirusha majini, naye Baba, mwanamume mrefu mwenye sharubu, akaruka na kutua nyuma ya Mama. Hapo ndipo kile kicheko kilipotoka. Mama alicheka mpaka akaketi chini, na Bwana Yohana akamsihi apunguze sauti kwa sababu ya tembo.

Mchana tuliketi kwenye mchanga mweupe kula viazi vitamu na maharage tuliyokuwa tumefunga kwenye majani ya mgomba. Bwana Yohana alikuwa amekwenda kuzungumza na wenzake. Nilikuwa nachimba mchanga hatua chache kutoka kwao, na wazazi husahau kwamba mtoto anayecheza ana masikio. Mama alimenya kiazi taratibu, kisha akauliza bila kuinua macho, "Huyo mwanamke wa Ngara anaitwa nani?"

"Mwanamke gani?"

"Anayekufanya ulale sebuleni."

Baba aliweka chakula chini. Alisema akitazama maji, kwa sauti ndogo sana. "Lori ninaloendesha ni la maiti, Mama Domi. Ni kipindupindu. Kila asubuhi tunapita kwenye mahema tunawachukua, tunawamwagia chokaa, tunawazika. Wengi ni watoto. Wengine wamefungwa kwenye kitenge kama vile wamelala mgongoni. Nikija nyumbani nikamwona Deo amelala, mikono inakataa. Naona nitamwachia kitu kibaya."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi?"

Mama hakulia. Alimsogelea mpaka mabega yao yakagusana, akamtilia kiazi alichokuwa amekimenya mkononi mwake. "Kula," alisema. Alisubiri amalize ndipo akaendelea. "Sasa ukirudi uniambie. Kila ukirudi. Usichague mazuri." Na Baba akaanza papo hapo, huku akijifuta uso kwa kiganja, akataja mambo ambayo sitayaandika hapa, na Mama alimsikiliza mpaka Bwana Yohana alipotuita kwamba boti linaondoka. Jioni ya kufika nyumbani, kabla hata ya kufungua mzigo, Mama alimchukua Deo kwa bibi akamkalisha kwenye mapaja ya Baba, akaenda zake jikoni. Baba alikaa amekakamaa kama mgeni. Deo alimshika sharubu akavuta. Mugoma tulikwenda baadaye, lakini tulikwenda wote, na Mama ndiye aliyewaambia ndugu zake kwamba mumewe ni mwoga wa kenge.

Siku hizi Muganza iko wilaya ya Chato, lami imefika mahali ambapo lori la samaki lilikwama siku ile tukienda, na wageni wanaokwenda kisiwani huvalishwa maboya na kupigana picha tangu wakiwa botini. Huko Ngara, mahali palipokuwa na mahema pameota miti na mihogo, na mpita njia asiyeambiwa hawezi kujua. Wazazi wangu wako palepale Runazi, wamezeeka. Wajukuu wanaposikia shuleni habari za miaka ya wakimbizi huja kumwamkia babu yao shikamoo, kisha humuuliza aliona nini. Baba hukohoa, akaangalia upande wa migomba. Mama, ambaye hakuwahi kukanyaga kambini hata siku moja, husogeza kigoda chake karibu na cha Baba na kuwaambia, "Niulizeni mimi."