Sumuni za chuma zilivyonitoa kwenye ngoma ya harusi

Wakuu, habari za jioni. Hili limenikuta mwenyewe hapa Mtwara, na sijaongeza chumvi.

Mimi ni mcheza ngoma. Tuko akina mama kadhaa wa Ufukoni, tunaalikwa kwenye maharusi. Kiunoni tunafunga mkanda ulioshonewa sumuni za zamani, zile senti hamsini zenye picha ya sungura. Ukicheza zinalia vizuri sana.

(Msiniambie kutoboa sarafu ni kosa. Sumuni leo hainunui hata njiti ya kiberiti.)

Mkanda wangu nimeurithi kwa mama. Sumuni nyingi zilishadondoka, nikanunua nyingine sokoni Chikongola, nikashona.

Mazoezini kiongozi wetu, Mama Fatu, akasimamisha ngoma. Akatupitia mmoja mmoja, tutikise.

Alipofika kwangu akasema, "Mwanangu, mkanda wako unalia kama makopo. Jumamosi kaa na wageni."

Na harusi yenyewe ya Shangani, anaolewa mtoto wa dada yangu. Niliumia, wakuu.

Nyumbani nikautupa mkanda mezani kwa mume wangu, fundi redio. Ukaangukia kwenye spika aliyoifungua. Sumuni zangu za kununua zikanasa kwenye sumaku. Za mama hazikushtuka.

"Hizi chuma," akasema. "Za mwanzo zilikuwa shaba na nikeli. Gharama ya kuzitengeneza ikawa kubwa, wakahamia chuma, juu wakapaka nikeli."

"Mbona sungura ni yuleyule?"

"Sungura hana gharama, mama Shani."

Kesho yake nikabeba sumaku hadi Mikindani kwa Bi Zarina, Mhindi anayetuuzia kanga miaka yote. Nilijua ana kopo la sarafu za zamani. Akazimwaga kaunta, tukawa tunapitisha sumaku huku tunacheka, wateja wanasubiri.

Zisizonasa akanipa zote. Nikauliza bei.

"Bei gani? Binti yangu akiolewa, uje ucheze."

Jumamosi asubuhi nikaenda kwa Mama Fatu na mkanda niliokwisha kuushona upya kwa sumuni hizo, nikatikisa mlangoni kabla hata ya salamu. Akasikiliza, macho kafumba.

"Haya. Leo utaanza mbele."

Dada yangu aliponiona naongoza kuingia ukumbini, alilia. Nami nikacheza mpaka miguu ikawaka moto.

Somo? Serikali kubana matumizi siilaumu. Sarafu waliitengeneza ya kununulia, sisi ndio tukaifanya ya kuchezea. Ila ukienda kununua sumuni za mkanda, fanya test ya sumaku kwanza. Macho hayatoshi.

Wa Newala, Lindi na kwingineko, nyie mikanda yenu mnashonea nini siku hizi? Na mwenye sumuni zisizonasa, PM iko wazi, mkanda wa binti yangu Shani bado una nafasi.