Kopi Ngapi?

Juzi, kwenye duka la fotokopi pale Sekei, mbele yangu alisimama mama mmoja na binti yake mwenye sare ya sekondari. Binti akampa muuzaji daftari la twisheni.

"Nitoe kopi ngapi?"

"Saba. Ni za kikundi chetu."

Mama akaweka kiganja juu ya daftari. "Toa moja."

"Mama, wamenichagua kiongozi wao!"

"Kiongozi ni wa kutangulia. Nafasi za kidato cha tano ni chache, mwanangu. Ukiwapa wote, utamtangulia nani?"

"Lakini daftari lenyewe ni la mwenzetu. Ameniazima tu."

Kiganja cha mama hakikuondoka. "Basi utamrudishia mtihani ukiisha."

Nilitaka kumwambia kwamba siku binti huyu atakapokalia kiti cha ofisi ya umma, hili ndilo somo atakalolikumbuka. Walipoondoka, binti alitangulia, kichwa chini.

Zamu yangu ikafika. Mwanangu alikuwa amenituma kopi sita za maswali, yake na za wenzake watano.

"Ngapi, mzee?"

Nikageuka kuangalia kama kuna anayesikia.

"Moja," nikasema.