Mvushaji Aliyeficha Kazi Yake

Shemeji yangu Menza hamwamini mtu. Akinunua sukari Garsen huipima tena nyumbani kwa kikombe chake, na ukimwamkia mara mbili kwa siku moja hujiuliza unataka nini kwake. Lakini sisi watu wa kijiji cha Wema tulimkabidhi roho zetu, kwa sababu kwa miaka ishirini na nane ndiye aliyetuvusha Tana kwenda mashambani upande wa pili. Huvusha akiwa amesimama nyuma ya mtumbwi, pondo la kusukumia mkononi, na mto wetu una mamba.

Mwaka jana mkojo ulianza kumsumbua. Alikuwa akiamka mara tano usiku, na mchana alisimama nyuma ya kichaka mpaka abiria wakachoka kumngoja. Dada yangu Pauline, mkewe, alimsihi aende hospitali, akajibiwa kwamba mkojo si wake. Siku suruali ilipolowa mbele ya wanawake wa kwaya, Menza akakubali, mradi mimi nimsindikize nikasikilize wasije wakamdanganya.

Kwenye kliniki moja ya Garsen tulimkuta Daktari Sumayya, binti wa miaka thelathini hivi. Alimpima kwa kidole chenye glavu, jambo ambalo Menza ameniapisha nisilisimulie, akapima na damu. Akasema ni tezi dume iliyokua na kubana njia ya mkojo, na dalili ya saratani hakuiona. Kisha akaeleza njia tatu: kupunguza chai ya jioni na kungoja, kumeza vidonge, au kwenda kupasuliwa Malindi. Akamuuliza anaona ipi itamfaa.

Shemeji alikunja uso. Akaninong'oneza kwa Kipokomo kwamba daktari anayemuuliza mgonjwa dawa ama hajui kazi, ama ametega. Mwenye duka akikwambia uchague lolote, alisema, yeye analijua lililooza.

Ndipo daktari akauliza anafanya kazi gani. Miezi miwili kabla ya hapo, watu wa ofisi ya serikali walikuwa wamekuja Wema kuulizia mitumbwi na majaketi ya kuokolea, wakaahidi kurudi. Menza alimtazama yule binti, akaitazama kalamu yake, akajibu kwamba yeye ni mkulima. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo. Naona aibu kusema, lakini nilinyamaza.

Akachagua vidonge, kwa kuwa kidonge kibaya unaweza kukitema lakini kisu huwezi. Daktari akamwonya kwamba vinaweza kuleta kizunguzungu mtu akiinuka ghafla, hasa siku za mwanzo. Ameze akienda kulala, na asubuhi ainuke polepole. Akauliza kama ana kazi yoyote ya kupanda juu au ya majini, na Menza akatikisa kichwa. Njiani alinifundisha kwamba mtu akikuuliza jambo moja kwa njia mbili, huyo ni mpelelezi.

Siku ya nne, asubuhi, alituvusha watu watano. Gladys, jirani yetu tunayemwita Mama Lavender, alikuwa na mjukuu wake mgongoni. Katikati ya mto Menza alichuchumaa kuchota maji yaliyoingia ndani, kisha akainuka kwa haraka kama alivyozoea. Nikaona macho yake yanapanda. Magoti yalikunjika, pondo likaenda na maji, naye akaangukia ubavu wa mtumbwi, ukalala upande. Gladys alikuwa nusu nje nilipomdaka kwa kanga. Tulipiga maji kwa mikono na kwa sufuria mpaka mkondo ukatutupa kwenye matope, mbali huko chini. Hakuna aliyekufa. Niliogopa sana, na nilipomaliza kuogopa nilikasirika, hasa na nafsi yangu.

Menza yeye aliikasirikia dawa. Kesho yake aliingia kwa daktari na pakiti mkononi, akasema amepewa sumu. Daktari hakubishana naye, aliuliza tu alikuwa akifanya nini alipoanguka. Safari hii nikasema mimi kwamba huyu ni mvushaji, na alianguka akiwa na watu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Shemeji yangu hakuficha maradhi, alificha kazi, na kifo kilikuwa karibu kutuumbua sote.

Daktari Sumayya aliweka kalamu chini. "Mzee, mimi naijua tezi," alisema. "Mtumbwi wako siujui. Ndiyo maana nilikuuliza."

Menza akataka kujua hayo anamwandikia nani. Daktari akamgeuzia faili ajisomee. Ndani mlikuwa na jina lake, umri wake, ugonjwa wake, na neno mkulima.

Wakaanza upya. Vidonge vile aviache. Viko vya aina nyingine, vinavyoipunguza tezi polepole kwa miezi, na kwa muda huo ataendelea kuhangaika na vichaka. Au apasuliwe, akae wiki kadhaa bila kazi nzito, na huenda shahawa zisitoke tena kama zamani. Menza aliuliza maswali kwa karibu saa nzima, mengine ya kukera: nani aliyepasuliwa, nani aliyekufa, yeye atasimama tena mtumbwini lini. Daktari alijibu, na pale asipojua alisema hajui. Nadhani hilo ndilo lililomlegeza. Kuhusu shahawa alisema ana watoto saba, aulizwe Pauline. Pauline akasema kwa simu achague kitakachomrudisha nyumbani mzima. Akachagua kisu.

Aliporudi mtoni baada ya kupasuliwa, mkojo ulikuwa unatoka vizuri na miguu ilikuwa imara. Abiria walikuwa wameketi ukingoni, na hakuna aliyeinuka. Walisema wanamngoja Jasper, mwenye mtumbwi mwingine. Menza hakumbembeleza mtu. Aliingia mtoni peke yake, akafika katikati, akachuchumaa huku tukimtazama, akainuka ghafla. Akachuchumaa tena, akainuka tena. Kisha akarudi ukingoni akangoja.

Gladys aliingia. Mjukuu alimwacha kwa dada yangu. Aliketi akiwa ameupa mgongo mto mzima na kumwelekea Menza uso kwa uso.

"Mama Lavender, geuka utazame mbele," Menza akamwambia.

"Nakutazama wewe," alijibu Gladys.