Chupa ya mafuta na uzi wa bluu: siku kipimo changu kilipotaka kumfunga mama wa watu Kibondo

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Wadogo nawapa marahaba kabisa hata kabla hamjanisalimu.

Mimi ni mzee mstaafu wa lab. Juzi nimesoma humu mtu akibishana kwamba kipimo hakidanganyi. Nikacheka, kisha kicheko kikaniishia.

Naleta kisa changu. Chumvi sitaongeza, mafuta yaliyomo yanatosha.

Ni miaka ya sabini, katikati hivi. Nilikuwa msaidizi wa maabara kwenye hospitali moja ya misheni upande wa Kasulu, jina nalihifadhi. Kazi ya kila siku ilikuwa choo, mkojo na damu. Ila daktari wetu, mzungu mmoja mkimya, alikuwa na ugonjwa wa kupenda mafuta. Si kuyala, kuyachunguza.

Ndiye aliyenifundisha TLC.

Kwa msioijua: unakoroga unga mweupe wa silica na maji, unaupaka kwenye kioo, unakausha. Chini unaweka tone la mafuta dogo kama kichwa cha pini. Kioo unakisimamisha kwenye mtungi wenye etha kidogo, dawa ya maji inayokauka upesi kama petroli, unafunika.

Etha inapanda yenyewe, kama maji yanavyopanda kwenye kanga iliyogusa ndoo. Inayabeba mafuta, na kila aina inaachwa mahali pake. Ukimaliza unakiweka kioo kwenye mvuke wa ayodini, madoa yanatokea ya kahawia.

Mafuta ya kula doa lake kubwa hukaa katikati. Mafuta ya mashine hukimbilia juu kabisa.

Nilipoweza hayo nilijiona profesa. Elimu yangu darasa la kumi, lakini profesa.

Sasa wiki moja daktari kasafiri kwenda Kigoma, ikaja gari kutoka Kibondo. Ndani yumo bwana afya, nimwite Filipo, Muha mwenzangu, mtu wa haraka haraka. Mkononi ana chupa.

Akanieleza kwamba kulikuwa na harusi huko, nusu ya waalikwa wameharisha na kutapika, na baba mzazi wa bwana harusi amefariki. Mafuta ya karanga yaliyopikia pilau yalitoka kwa Bi Mwajuma, mfanyabiashara wa pale mjini, mjane, asili yake pwani. Watu wanasema kayachanganya na mafuta ya mashine ili yawe mengi. Yuko mahabusu. Nje wanamwita mlanguzi na muuaji.

Filipo alitaka jibu siku hiyo hiyo. Sikusubiri daktari. Kwa nini nisubiri, na mimi ni profesa?

Nikaweka tone. Nikasimamisha kioo. Dakika arobaini nimekaa naangalia mstari wa etha ukipanda, Filipo nje anapiga honi.

Kwenye ayodini doa la katikati likatokea vizuri, kahawia iliyoiva. Kisha juu kabisa, taratibu, likaja doa lingine. Jepesi, la manjano. Lakini lipo.

Wakuu, nilifurahi. Nasema ukweli wangu, nilifurahi. Mtu kafa, mama wa watu yuko ndani, na mimi nafurahi kwa sababu kioo changu kimeona.

Nikaandika kwamba ndani ya mafuta haya kuna mafuta ya mashine. Nikasaini. Filipo akakunja karatasi akaitia mfukoni.

Daktari alikuwa na sheria moja: sampuli iliyobaki haitupwi. Kwa hiyo nikachukua ile chupa niizibe niiweke kabatini.

Kizibo kilikuwa kitambaa kilichoviringishwa kikafungwa kwa uzi wa bluu. Uzi ule haukufungwa hovyo. Ulizungushwa ukabana, ukamaliziwa kwa fundo dogo linalojificha ndani. Fundo hilo nalijua tangu utotoni. Mama yangu alikuwa na cherehani.

Nikakinusa kitambaa. Ikanijia nyumba yetu, mama akitia mafuta cherehani yake.

Hayo nayo ni mafuta ya mashine.

Nilikimbia hadi kwenye gari, lilikuwa limeshawashwa. Nikamuuliza Filipo chupa kaipata wapi. Akasema aliipata barazani, kwa fundi wa nguo aliye jirani na duka la Bi Mwajuma, na fundi aliisuuza vizuri kwa maji.

"Niliomba chupa ya mafuta," akasema, "nikapewa chupa ya mafuta. Kosa liko wapi?"

Na kweli, wakuu, kosa liko wapi? Kiswahili chetu ya kula ni mafuta, ya taa ni mafuta, ya kujipaka ni mafuta, ya cherehani ni mafuta. Yeye aliomba chupa ya kutilia. Fundi akampa aliyokuwa nayo, iliyokuwa ya mafuta ya cherehani.

Nikamwomba anirudishie karatasi. Akakataa. Alisema akirudi mikono mitupu Kibondo watasema amehongwa, na mimi pia nimehongwa, na yule mama atazidi kuumia. Hapo alikuwa sahihi, ndiyo maana niliogopa zaidi.

Nikamwambia basi twende wote, karatasi ikae kwake, isisomwe mpaka nipime tena mbele ya watu wa Kibondo, kutoka kwenye debe lenyewe la Bi Mwajuma.

Nilichemsha chupa mbili za kuchukulia sampuli, ziwe safi. Nikafunga mtungi, etha, ayodini na ile chupa ya kwanza kwenye blanketi. Vioo vilivyopakwa tayari vilikuwa vitatu, nikavipakata kwenye sanduku kama mtoto mgonjwa.

Barabara ya miaka ile mnaijua au mmehadithiwa. Kila shimo nilisikia unga ukikwanguka. Nusu siku nzima tulikuwa njiani.

Tulipofika nikafungua sanduku. Vioo viwili unga umebanduka wote. Kimoja kilikuwa kimepona, kona tu imelika.

Kioo kimoja. Hakuna cha kurudia.

Debe la Bi Mwajuma lilikuwa limefungiwa. Wakalifungua mbele ya watu, nikachota mwenyewe. Kwa fundi nikaomba matone ya mafuta ya cherehani. Akatoa bila hiyana, masikini, hajui linaloendelea.

Tukaingia chumba cha zahanati. Watu wamejaa dirishani. Nikaweka matone matatu kwa mstari: la debe, la ile chupa ya kwanza, la cherehani.

Dakika arobaini tena. Etha ikapanda.

Ayodini ikaanza kazi. Tone la cherehani: doa juu kabisa. Tone la chupa: doa katikati, na jingine juu, sawasawa na la cherehani.

Tone la debe: katikati.

Nikasubiri. Nikasubiri tena, maana doa lile huwa jepesi na huchelewa. Juu palibaki peupe.

Filipo akainama akatazama muda mrefu. Kisha akatoa karatasi mfukoni akaichana mwenyewe, bila kuniangalia. Nilimheshimu mpaka alipokufa.

Baadaye daktari alisema waliokula pilau waliumizwa na nyama iliyolala. Mafuta yalikuwa safi.

Bi Mwajuma alitolewa jioni ile. Kanga zimechakaa, lakini kajitanda vizuri. Walimweleza yote, kioo, chupa, kizibo. Nilisimama pembeni nikingoja kushukuriwa, siwafichi.

Akanijia akanitazama, akasema polepole:

"Mwanangu, na kama kile kizibo kingekuwa gunzi la mahindi?"

Kule kwetu chupa kumi, tisa zimezibwa kwa gunzi.

Akaniaga kwa heshima akaenda zake.

Wakuu, kioo changu hakikudanganya hata mara moja. Kilisema yaliyomo kwenye chupa. Mimi ndiye niliyeandika kwamba ni ya Bi Mwajuma.

Toka siku hiyo kila sampuli niliyoletewa niliuliza kwanza chupa imetoka kwa nani. Vijana wa lab wakanibatiza Mzee Kizibo. Nililipokea jina.

Nanyi mlio kwenye lab, ofisini, popote mnaposaini juu ya maisha ya mtu, semeni hapa: ni nani alipona kwa umakini wenu, na ni nani alipona kwa uzi wa bluu tu? Nipo, nasoma wote, hata watakaonitukana.