Picha Ishirini za Rundo

Nusu ya nyuso za mji wa Garsen zimepita mbele ya kitambaa cha buluu cha Gunga. Miaka ishirini na tatu ana kibanda chake karibu na soko, anapiga picha za pasi, za maharusi, za watoto wanaoanza shule, hata za fahali ambao wafugaji wanataka waonekane na wanunuzi wa mbali. "Tulia. Inua kidevu. Usitikisike." Maneno hayo ameyasema mpaka yamekuwa kama pumzi yake.

Mtu mmoja tu hakuwahi kutulia mbele yake, naye ni mkewe, Kanze. Mwanamke yule alikuwa haketi. Ukimwona ameinama, anapalilia. Akiinuka, ana ndoo kichwani. Kila Gunga alipomwomba avae vizuri apigwe picha, jibu lilikuwa lilelile: "Niache, Baba Mbeyu. Uso huu unauona kila siku bure, picha ya nini?"

Kwa hiyo picha zake zilikuwa chache, za kuiba. Kanze amembeba binti yao Mbeyu mgongoni. Kanze kwenye arusi ya dada yake, mdomo umejaa wali, amekasirika. Zilikaa nyumbani kwao shambani, kwenye kisanduku cha bati.

Mvua za Novemba zilipokuja, mto haukungoja mtu. Uliingia shambani mchana kweupe, ukafunika mihindi, ukafunika migomba, ukafika mlangoni. Watu walibeba walichoweza mpaka kwenye tuta la barabara, na hapo kila mwenye nyumba akapanga nyumba yake upya kwenda juu: kitanda chini, godoro juu yake, magunia juu ya godoro, meza miguu juu, na katikati ya miguu ya meza masufuria. Ukitembea kando ya lami uliona maisha ya watu yamegeuka vilima.

Kitambulisho cha Kanze kilienda na maji. Kisanduku cha picha kilipona, ila ndani kilikuwa kimelowa.

"Baba Mbeyu," Kanze aliita, "picha zako zina maji, njoo uzitazame."

Gunga alijua fika kwamba picha zilizolowa hutenganishwa moja moja zikiwa bado majimaji. Lakini siku hiyo alikuwa amepata kazi, na kazi yenyewe ilikuwa inamwita kule mbele. "Kesho," akasema. Kanze naye, kwa wema wake, akazipanga moja juu ya nyingine, akaziwekea jiwe upepo usizichukue, akazianika juani. Hadi alasiri zilikuwa zimeshikana kuwa kitu kimoja, kama mche wa sabuni.

Kazi ile ililetwa na Stacy, binti wa shirika dogo la misaada. Alitaka picha ya rundo la kila familia, ijulikane nani ameokoa nini. Sharti moja: mali tu, mtu asionekane, maana watu walikuwa wamechoka kupigwa picha katika dhiki zao. Lakini utamwondoaje mtu kwenye tuta ambalo ndilo nchi kavu peke yake? Watu, mbuzi, punda, wote njia yao ni hiyo hiyo.

"Hilo si neno, mzee," Stacy alimwambia. "Simika kamera kwenye stendi, usiisogeze. Piga ishirini. Kompyuta itazipandanisha moja juu ya nyingine. Kilichotulia kinabaki. Kinachopita kinafutika."

Gunga alidhani anataniwa. Wakajaribu kwenye rundo la kwanza, na wakati huo huo Bonaya, mfugaji wa Kiorma, anapitisha ng'ombe wake. Katika picha ishirini hapakuwa na isiyo na ng'ombe. Katika ile iliyopandanishwa hapakuwa na hata mkia.

"Wallahi, Gunga, umeniibia ng'ombe mchana!" Bonaya alipiga kelele.

"Hao hapo nyuma yako. Wamefutwa tu."

"Basi nipige na mimi, chifu anitafute asinione."

Watu wakacheka. Siku zile za maji, kicheko kilikuwa chakula.

Kadi ya kamera ilikuwa ndogo. Kila rundo likiisha, picha zinapandanishwa, inabaki moja, na zile ishirini zinafutwa kupisha rundo jingine. Mwisho likabaki rundo la Gunga mwenyewe. Akasimika stendi kwenye tope. Shida, Kanze alikuwa amewasha moto mbele ya rundo.

"Mama Mbeyu, sogea kidogo."

"Sisogei. Maji yanachemka."

"Napiga picha."

"Unapiga picha ya sufuria na mimi nimesimama hapa! Sufuria ndiyo uliyoioa?"

"Haya, pita tu, zunguka unavyotaka," Gunga akasema akicheka. "Mashine itakufuta."

"Nifute, tuone nani atakupikia."

Akapiga ishirini. Katika moja Kanze anakaza kamba, katika nyingine anafukuza mbuzi, katika nyingine ameshika mwiko anamnyooshea yeye, amecheka meno yote nje. Gunga aliziona zikipita moja moja kwenye kioo cha nyuma cha kamera. Kisha kompyuta ikazipandanisha, Stacy akasema, "Safi kabisa, mzee," na Gunga kwa kidole chake mwenyewe akabonyeza pa kufuta. Kesho yake yeye na Stacy walihamishia kazi tuta jingine upande wa Golbanti, na kadi ikajaa marundo ya watu wengine.

Siku ya kumi na moja ya kukaa tutani, Kanze alishikwa na homa. Walimpakia kwenye boti asubuhi kumpeleka hospitali. Hawakufika. Alizikwa siku ileile kwenye kiinuko nyuma ya tuta, katika ardhi ambayo si yao.

Mbeyu, mtoto wao pekee, ameolewa Kipini. Barabara ilikuwa imekatika. Alipiga simu, na kwa muda mrefu Gunga alisikia kwikwi tu.

"Baba, sikumwona."

"Najua, mwanangu."

"Nitumie uso wake. Simu ya mume wangu inapokea picha. Nimtazame tu."

"Ninazo," Gunga akasema. "Nitakutumia."

Akachukua ule mche wa picha, akauloweka tena, akaanza kuzibandua kwa ukucha. Kanze wa arusini alibaki mikono na sahani. Uso uling'oka ukaganda mgongoni mwa picha nyingine, doa la manjano. Kanze aliyembeba mtoto, alibaki mtoto tu. Gunga alibandua mpaka ya mwisho, hakupata hata jicho.

Ndipo akakumbuka: mbona zilikuwepo ishirini! Alizifuta mwenyewe, lakini huenda mashine ya Stacy inazo bado.

Barabara ya Hola ilipofunguka alimfuata Stacy ofisini kwake huko. Stacy alipekua kompyuta, akapekua kadi, akapekua tena.

"Mzee, tulizifuta. Na juu yake tumepiga mamia."

"Ile moja?"

Akaifungua, akaikuza. Kitanda. Godoro. Magunia. Meza miguu juu. Moto uliokuwa kama ukungu, na sufuria juu ya mafiga, hakuna mpishi. Leso ya Kanze ilikuwa imetundikwa kwenye mguu wa meza, kila ua lake linahesabika, kwa kuwa leso ilitulia.

Stacy akaanza kulia. "Nisamehe, mzee."

"Ni mimi niliyemwambia atafutwa," Gunga akasema. "Nitumie hiyo."

Akaipeleka Kipini. Mbeyu alipiga simu papo hapo.

"Baba, naona vyombo. Naona leso ya mama. Yeye yuko wapi?"

"Yupo hapo hapo. Alikuwa anazunguka."

"Simwoni."

"Hata mimi."

Simu ikakatika, na Gunga hakumpigia tena.

Maji yaliporudi mtoni, watu walishusha vilima vyao, wakaenda. Gunga alikwenda na kamera mpaka pale tutani rundo lake lilipokuwa. Tope lilikuwa limekauka, na vile vishimo vitatu vya stendi vilikuwepo bado. Akaingiza miguu ya stendi humo, kila mguu kwenye shimo lake. Akapiga moja, akangoja. Akapiga nyingine, akangoja. Akafika ishirini.

Hakuzipandanisha. Zote zilikuwa sawa, hakuna aliyepita.