Beseni la Sita la Bi Usifunue

Mmenisumbua hata nimechoka. Mara "shangazi andika", mara "bibi andika", kana kwamba mimi ndiye karani wa ukoo. Shule nilikaa madarasa mawili tu, na herufi zangu zinakwenda upande kama mbuzi anayevutwa kamba. Lakini nikiwaachia ninyi habari ya wifi yangu, mtaitia chumvi mpaka isilike. Haya, someni, na atakayecheka mwandiko wangu akunje karatasi anirudishie.

Wifi yangu ni muoka mikate. Mtaa mzima humwita Bi Usifunue, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake. Unga ukishakandwa na kutiwa hamira, huuweka kwenye mabeseni, akayapanga juu ya ubao kando ya tanuri, kila beseni na blanketi lake. Hapo hata aje nani, hakuna kufunua. Ukifunua, joto limetoka na unga umelala. Yeye mwenyewe hupapasa juu ya blanketi, akabonyeza kwa vidole viwili. Unga ukirudi taratibu, umeumuka vya kutosha. Ndivyo alivyofundishwa na mama yangu mzazi, aliyemwachia tanuri lile. Alimwachia yeye, si mimi, na wala sikununa. Sana.

Tanuri ni la matofali ya zamani. Tangu wifi yangu aolewe halijapoa hata siku moja, na fundi alishamwambia wazi: siku litakapopoa litapasuka, na wa kulijenga tena hayupo duniani.

Sasa hao nyoka waliojaa mtaani kwetu. Walianza kama mchezo wa watu wenye nafasi. Walinunua chatu wadogo wa madoadoa waliotoka nchi za mbali, wakawafuga kwenye masanduku ya vioo, wakawa wanaringia wageni. Chatu akikua, sanduku likawa dogo, mwenye chatu naye akachoka, basi akamtupa mtaroni na kukung'uta mikono. Mmoja hapa, mwingine pale, wakakutana, wakazaana. Sumu hawana, lakini vyura walikwisha, vifaranga vikakwisha, na ndege kwenye miti ya barabarani wakanyamaza. Ndipo bwana afya akabandika tangazo: duka lolote la chakula litakalokutwa na mayai ya chatu, kufuli siku thelathini.

Wa kwanza kufungiwa alikuwa muuza nyama wa jirani. Bi Usifunue alicheka mpaka akashika ukuta.

"Jirani, kumbe siku hizi umekuwa mfugaji?"

"Cheka tu, mama. Hujafa hujaumbika."

"Kwangu mimi? Nyoka aingie kwangu ale nini, hamira?"

Hazikupita siku kumi. Alasiri moja alikuwa akipapasa mabeseni ya mkate wa jioni. La kwanza lilikuwa sawa, la pili sawa, mpaka la tano. La sita alipolibonyeza, unga ulirudi upesi kuliko kawaida. Akabonyeza tena. Unga nao ukambonyeza.

"We mkwe!" akamwita mke wa mwanawe, aliyekuwa akipaka mafuta vikopo vya mkate. "Hamira umetia kwa kijiko au kwa koleo? Huu unataka kutembea!"

"Upi, mama?"

"Huu wa sita."

Mkwe akahesabu kwa macho, akahesabu tena kwa kidole. "Mama, leo tumekanda mabeseni matano. Hilo la sita halina kitu, nimeliweka tupu na blanketi lake."

Mkwe akanyoosha mkono aone.

"Usifunue!" Bi Usifunue akapiga kelele. Mazoea yana taabu. Kisha akainua pembe ya blanketi mwenyewe, kiasi cha jicho moja. Chatu alikuwa amejiviringa kama kata ya kichwani, na katikati yake mayai meupe, tisa.

"Tumtupe mtaroni," mkwe akanong'ona. "Nani kaona?"

Bi Usifunue alijibwaga juu ya gunia la unga. Alilitazama tanuri, akaziona siku thelathini, akayasikia matofali yakipasuka moja moja. Kumtupa ilikuwa rahisi kama kumwaga maji.

"Kila aliyemtupa wake alisema hivyohivyo," akasema. "Nani kaona, nani kaona. Ndiyo maana leo nimepapasa nyoka badala ya mkate."

Akajitwika beseni, blanketi na vyote, akavuka barabara mchana kweupe. Njiani wateja wakamuuliza, "Mkate tayari?" Akawajibu, "Huu bado mbichi."

Ofisini alilitua juu ya meza. "Bwana afya, mwanangu, bonyeza hapa."

"Nimeshakula, mama."

"Bonyeza. Vidole viwili."

Akabonyeza. Alichofanya baada ya hapo si cha kumwandikia mtu mwenye cheo. Itoshe kwamba sisi tuliokuwa dirishani tulimwona amesimama juu ya kiti, kalamu sikioni.

Aliposhuka alisema kwa huruma, "Mama, sheria ni sheria. Mayai yamekutwa kwako."

"Hayakukutwa, nimeyaleta. Wewe na fimbo zako na tochi zako, tangu lini unawatafuta?"

"Miezi mitatu."

"Umepata wangapi?"

"Saba," akajibu, akitazama viatu vyake.

"Mimi nimempata bila kutafuta. Mama anayetaka kutaga anafuata joto, kama unga wangu. Ukizima tanuri, watataga usikokujua. Nipe siku saba. Mabeseni kumi, kila moja na tofali lililopashwa moto tanurini kwangu, na blanketi juu, tuyapange kando ya mtaro. Nikishindwa, njoo na kufuli, nitakushikia taa."

Bwana afya alikuna kichwa, akakubali. Beseni moja likahitajika ndani ya bucha, maana mtaro unapita nyuma yake, kwa hiyo kufuli la muuza nyama likatolewa. Muuza nyama alimpokea wifi yangu mlangoni kwa kicheko. "Karibu, mfugaji mwenzangu!" Ikabidi Bi Usifunue acheke naye.

Siku saba zilipotimia, chatu kumi na wanne walikuwa kwenye magunia, wengi wao majike yenye mayai, wakapelekwa bustani ya wanyama. Tanuri halikupoa. Bwana afya amejifunza kupapasa, kila alasiri utamkuta kando ya mtaro ameinama, vidole viwili juu ya blanketi, na watoto wakimpigia kelele, "Usifunue!" Na juzi, juu ya ukuta wa bekari, ndege ameimba asubuhi nzima. Wifi yangu akamtupia makombo ya mkate wa moto, yeye ambaye mimi hunipimia mkate kwa rula.

Nimemaliza, vidole vinaniuma. Sasa zamu yako wewe uliyesoma. Kama una chatu ndani ya sanduku la kioo, niandikie leo hii amefikia urefu gani, na sanduku likimshinda utampeleka wapi. Andika herufi kubwa, macho yangu mabovu. Na usiniandikie "nitaona". Nataka jibu.